Gari Lililofunikwa Bafta

Hapa Doha magari ya namna ile hulazwa kiangazi. Joto likipanda mpaka usukani haushikiki, wenye nayo huyafunika, hufunga majumba yao na kupanda ndege kwenda kwenye mvua za watu, na sisi madereva tunabaki kulinda vumbi. Baridi ikiingia, mwezi wa kumi na moja hivi, mambo yanageuka. Vifuniko vinavuliwa, na ukipita mtaa wa The Pearl jioni utasikia injini zikinguruma kando ya maboti, kila mtu anataka aonekane yeye.

Kwa hiyo nilipoambiwa mwezi huohuo nililaze gari la Baba, nilijua kuna jambo. Hakuna aliyenieleza. Mtoto wake mkubwa alisimama mlangoni, simu sikioni, akanipungia mkono kuelekea gereji. "Ilaze vizuri," alisema. "Kama ya kiangazi."

Baba ndivyo tulivyomwita sote watumishi wa nyumba ile ya Al Thumama. Alizaliwa Unguja, akatoka huko hajaota ndevu, akapita Maskati, akaishia Doha na kuoa hapahapa. Mkewe hakujua Kiswahili, na watoto hawakujua hata neno moja. Mimi ni mtu wa Tanga. Naamini aliniajiri kwa ajili ya mdomo wangu tu, maana siku zile kuendesha kwenyewe nilikuwa bado siwezi kuingia mzunguko wa barabara bila kupigiwa honi na nusu ya mji.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la viti viwili, chini kiasi kwamba mtu mzima analiingia kama anakaa mkekani. Alilinunua alipostaafu. Watoto wake walikasirika, wakasema mzee ameanza kuchanganyikiwa, na mimi nikiwa mkweli niliona hivyohivyo. Nilipomuuliza, alinijibu kwa ukali.

"Kuzeeka nimezeeka, sawa. Lakini ndo nife sijaendesha kitu chenye sauti?"

Ndani ya gari lile mimi dereva nilikuwa abiria. Asubuhi za baridi alinichukua mpaka Al Wakrah, tukaegesha karibu na bandari, tukaletewa chai ya maziwa dirishani. Aliendesha taratibu mno. Vijana walitupita wakitutolea macho, maana injini ile ingeweza kubomoa ukuta na yeye aliipeleka kama mkokoteni wa maji. Hakujali. Alikuwa anaongea. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, mzee wa tasbihi na magazeti, lakini tukishavuka taa za mwisho alifunguka. Alitukana madereva wenzake, aliwasengenya majirani, aliniambia watu wa Tanga tunaongea kwa kujivuta utadhani tumeshiba kila siku. Kiswahili chake kilikuwa cha kitoto na cha kizee kwa pamoja. Matusi yake yalikuwa ya mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa sababu hapo ndipo alipokiachia.

Nilimpenda yule mzee. Nalisema sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu, wala yeye.

Siku ya kuondoka kwenda kutibiwa nje ya nchi alikataa kwenda uwanja wa ndege kabla hajapelekwa gereji. Walimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, mkewe, tuliyemwita Mama, nyuma yake na mkoba wa dawa. Alikuwa amekonda hata kanzu ilimning'inia. Alianza kunipa amri, na alizitoa kwa Kiswahili, watu wote wamesimama hawaelewi.

"Betri usiing'oe, ichomeke kwenye chaja ile ndogo. Breki ya mkono usiivute, itagandana, weka vigogo kwenye magurudumu. Tangi lijae. Ekzosi izibe kwa kitambaa, paka wasije wakazalia humo. Funika na kitu cha pamba, laini, rangi isipate mikwaruzo. Na kila Ijumaa uiwashe mpaka ile sindano ya moto ifike katikati. Kuwasha na kuzima papo kwa papo ni kuiua. Umenisikia, Mtanga?"

"Nimekusikia, Baba. Na utarudi uikute, inshallah."

"Hilo sijakuuliza," alisema. Halafu akanyoosha mkono akaugusa mlango wa gari. "Lakini nikirudi nataka niikute vivi hivi. Ikiwepo, nitajua mnaningoja."

Niliyafanya yote. Niliosha, nikakausha hadi kwenye bawaba za milango, nikapaka nta, nikaweka vigogo. Ikaja zamu ya kifuniko. Kile cha kiangazi kilikuwa kimechanika, na duka lilisema kipya kitachukua muda kufika. Mimi sikutaka gari likae wazi hata siku moja, vumbi la hapa ni kama unga. Nikaenda sokoni nikanunua bafta, nyeupe, laini, ya pamba kama alivyotaka, nikampelekea fundi wa Kipakistani anishonee kwa vipimo vya gari. Ililikaa vizuri mno. Nilirudi nyuma nikaiangalia kazi yangu nikajisifu.

Mpishi wetu, mama mmoja kutoka Kisii, alikuja na kikombe cha chai akasimama ghafla.

"Aki wewe. Hii kitu umefunika inakaa kama maiti."

"Ni pamba tu, dada. Inalinda rangi."

"Mimi nimekuambia. Mimi ni Mkristo na naogopa, sembuse hawa. Toa hiyo kitu."

Nilimcheka. Mimi Muislamu, nimeosha maiti wa kwetu, nimekata sanda kwa mikono yangu, na bafta ile ndiyo hiyohiyo tunayozikia. Ningetakiwa kuwa wa kwanza kuona. Sikuona. Nilikuwa nawaza mikwaruzo.

Simu za Ijumaa zilianza wiki iliyofuata. Baba hakutaka kuonekana akiwa na mipira puani, kwa hiyo tulizungumza kwa sauti tu, Mama ameshika simu kitandani kule, mimi nimeshika yangu gerejini huku. Nilivua kifuniko, nikachomoa kitambaa cha ekzosi, nikaingia, nikawasha. Injini ikishtuka mara ya kwanza ilitikisa hata makopo ya rangi kwenye rafu. Halafu ikatulia, na sisi wawili tukaisikiliza.

"Mpe kidogo," alisema. Nikakanyaga. "Basi, basi. Usimkere."

Tulipanga iwe alasiri kwa makusudi. Msikiti uko nyuma ya ukuta wa nyumba, na sindano ilipofika katikati, kama nimehesabu vizuri, muadhini alikuwa anaanza. Baba alikuwa akisema, "Zima, zima, nisikie." Nilizima, nikanyanyua simu juu. Huko alikolazwa hakukuwa na adhana. Kulikuwa na mashine inayolia, niliisikia katikati ya maneno yake. Adhana ikiisha alimuuliza Mama swali lilelile kwa Kiarabu, nami nililielewa kwa sababu aliliuliza kila wiki. Tunarudi lini nyumbani? Na Mama alijibu, karibuni.

Ijumaa moja walipochelewa kupiga, nilirekodi sauti ya injini kwenye simu yangu ya zamani, ile ya laini ya Tanzania, nimtumie mdogo wangu Tanga ashangae. Ulikuwa ushamba mtupu. Niliiweka simu juu ya kiti, nikaiacha ijirekodie mpaka mwisho, nikamtumia. Hakunijibu hata neno, na mimi mwenyewe sikuwahi kuisikiliza yote.

Mtoto mkubwa hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu kwa miezi kadhaa nilimchukia, na kumchukia kulinipunguzia mzigo. Yeye ndiye aliyekuwa akipigiwa simu na madaktari. Asubuhi alitoka kwenda kazini akapita mbele ya gereji, na ile bafta imelala pale, ndefu, nyeupe, imejikunja kufuata umbo la kitu kilichomo ndani. Siku moja alisimama. Nilikuwa namwagilia mitende midogo ya uani nikamwona amesimama tu, funguo mkononi.

"Nani ameweka kitambaa hiki?"

"Mimi, bwana."

"Kitoe."

"Cha duka hakijafika bado. Vumbi —"

"Nimesema kitoe." Sauti ilimkatika. Akaziba macho kwa mkono, mtu mzima yule mwenye ndevu zilizoanza mvi, akalia mbele yangu, na mimi nimeshika mpira wa maji hata sikumbuki kuufunga. Ukiniuliza ni lini nilielewa nilichokifanya, ni pale. Niliikunja bafta nikaificha chumbani kwangu, lakini kilichoonekana kimeshaonekana.

Wiki haikuisha, likaja lori la kubebea magari. Nilikimbia nikamfuata sebuleni, jambo ambalo dereva hafanyi.

"Bwana, Baba amesema alikute."

"Baba hataendesha tena. Daktari ameniambia mimi, hajamwambia yeye." Hakuniangalia. "Siwezi kuliona tena pale. Akirudi, nitamnunulia jingine hata kumi."

"Na akiuliza?"

"Sema lipo."

Jioni yake Mama akanipigia kutoka kule, peke yake, kwa sauti ya chini. Alikuwa ameshaambiwa. "Usimwambie," alinisihi. "Kitu pekee kinachomfanya ale ni kurudi. Nakuomba, mwanangu." Nilimwambia sawa. Ningesema nini? Niliingia gereji nikakuta vigogo vyangu viwili, chaja inawaka taa ya kijani haichaji kitu, na doa la mafuta dogo ambalo sikuwahi kujua lipo. Nikajiambia nina mpaka Ijumaa nitafute la kufanya.

Ijumaa sikuifikia. Walipiga Jumanne asubuhi, saa tatu. Baba alikuwa ameamka vizuri, Mama alisema, amekunywa uji, anataka kusikia gari. Sasa hivi. Kwa jinsi Mama alivyolitamka neno lile nilijua Baba yuko sikioni mwake na yeye hana pa kukimbilia, amenirushia mimi.

"Subiri nivue kifuniko, Baba," nilisema. Nilikuwa nimesimama katikati ya gereji tupu. Nilifungua mlango wa kabati la vifaa nikaufunga, ili asikie mlango. Nilifanya yote hayo, na mpaka leo nashangaa mkono wangu ulijuaje kudanganya haraka namna ile. Nikatoa simu ya zamani mfukoni, nikatafuta ile sauti niliyomtumia mdogo wangu, nikaipandisha sauti mpaka mwisho, nikazigusisha simu mbili.

Injini ikawaka. Kwenye simu ilikuwa ndogo, ya kopo, lakini ikawaka.

"Mpe kidogo," alisema Baba.

Mungu anisamehe, hapo mahali kwenye rekodi nilikuwa nimekanyaga kweli, nikijishaua. Ikanguruma. Nikasikia Mama anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Nami nikaanza kupumua. Nilikuwa nimeshapanga uongo wa wiki ijayo, na wa wiki itakayofuata.

Ndipo muadhini akaanza.

Yule yule wa nyuma ya ukuta, adhana ya alasiri, wazi kabisa, nyuma ya injini. Nilipapasa kuzima, kidole kikagonga kando, ikaendelea. Allahu akbar, Allahu akbar. Jua la saa tatu asubuhi lilikuwa limejaa uani. Nilipofanikiwa kuizima, upande wa pili kulikuwa na mashine inayolia tu.

Kisha Baba akazungumza kwa Kiswahili, sauti ya kawaida, kama tuko Al Wakrah na chai.

"Mtanga. Huko siku hizi wanaadhini saa tatu?"

Niliirudisha simu ya zamani mfukoni.

"Wameiuza?"

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema ni redio, ni simu ya jirani, uongo haukuniishia. Lakini kila mtu aliyekuwa naye alikuwa akimdanganya kwa Kiarabu, na mimi ndiye pekee aliyekuwa na lugha nyingine. Sikuweza kumharibia na hiyo.

"Wameiuza, Baba."

"Lini?"

"Jumamosi."

"Basi hawaningoji tena," alisema. Hakulia, wala hakukasirika. Alilisema kama mtu anayesoma bango la barabara. Mimi ndiye niliyelia, nimebana mdomo kwa kiganja asisikie.

"Anasema nini?" Mama aliuliza kwa Kiarabu. "Kuna nini?"

"Hamna kitu," alimjibu kwa Kiarabu, kwa uchangamfu ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Namfundisha kazi huyu. Gari zuri, mashallah. Umesikia lilivyowaka?" Halafu akarudi kwangu. "Usimwambie mama yako kama nimejua. Ijumaa tupigiane kama kawaida. Na ile adhana usiikate."

Basi tukafanya hivyo. Kila Ijumaa alasiri nilikwenda kusimama kwenye gereji tupu na simu mbili. Mpishi alinikuta mara moja akaniuliza kama nimerogwa. Niliwasha ile rekodi, Baba akasema mpe kidogo, injini ikanguruma palepale iliponguruma wiki iliyopita, Mama akacheka. Rekodi ilipofika kwenye adhana nilinyamaza. Mara nyingine muadhini wa kweli alianza kabla ile haijaisha, zikapandana, moja ya leo na moja ya siku ambayo gari lilikuwepo. Wote watatu tulijua, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyesema. Kazi ngumu kuliko ile sijawahi kuifanya, na nimewahi kubeba saruji.

Alirudi baridi inakwisha, kwenye sanduku. Nilikwenda uwanja wa ndege na mtoto mkubwa, dakika chache tu kutoka nyumbani. Alikaa kiti cha mbele pembeni yangu badala ya nyuma. Tulipofika aliniwekea mkono begani akauacha pale, na nikaona siwezi tena kumchukia. Tulizika siku ileile. Nilitupa udongo wangu wa viganja vitatu pamoja na watoto wake, na nilimsemesha kwa Kiswahili, kimoyomoyo, kwa sababu nilijua hakuna mwingine atakayefanya hivyo.

Mama alikaa eda. Hatukuonana, bali alikuwa akiniagiza dawa na vitu vidogovidogo kupitia kwa mpishi. Siku moja aliniita mwenyewe. Nilisimama ukumbini, mlango wa chumba chake umeachwa wazi kidogo, namsikia simwoni.

"Asubuhi ile," alisema. "Ile ya Jumanne. Alikwambia nini kwa lugha yenu?"

Mzee alinikataza, na maiti huwezi kwenda kumwomba akufungue ahadi. Nikatazama viatu vilivyopangwa mlangoni.

"Alisema nisizime mapema, Mama. Mpaka injini ipate moto."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Nilidhani ameshaondoka mlangoni. Nikaanza kurudi nyuma taratibu. Ndipo akasema, si kwa kunilaumu, kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Kabla ya hapo kila siku alikuwa akiniuliza tunarudi lini nyumbani. Tangu asubuhi ile hakuniuliza tena."